Alikuwa Akiizima Kaseti Kabla Haijafika Mwisho

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mume wangu naye anaufuatilia ukurasa huu, na akisoma atajijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, fundi cherehani hapa Geita, mzaliwa wa Didia. Nina watoto watatu, na mpaka mwezi uliopita ningekuambia nina ndoa nzuri.

Nianze na marehemu kaka yangu, nimwite Masunga. Miaka ya tisini, kijiji kizima kikicheza rumba ya Wakongo, yeye alipenda bendi za magitaa za Wazungu, zile za makelele. Alikuwa akipakua mizigo kwenye duka la Mhindi mmoja mjini Shinyanga, na kijana wa pale, aliyeletewa kaseti na binamu zake wa Uingereza, alikuwa akimwazimisha. Masunga alizijua zote. Wale Wamarekani ambao mwimbaji wao anaanza kama anasinzia halafu anapasua koo. Wale wa Ayalandi wenye dada anayekatakata sauti. Wale wa Uingereza walio ndugu wa tumbo moja. Kiingereza hakujua hata kidogo. Alisema, "Mtu akilia, unahitaji mkalimani?" Mama alimlalamikia kwamba kelele zake zinamfukuzia ng'ombe, lakini mimi nilishamwona jikoni akitikisa kichwa kufuata mdundo.

Baadaye Masunga alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Kharumwa, yeye na rafiki yake ambaye leo ni mume wangu. Kutoka huko akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa anakuja Didia: "Mwambieni mama nimemrekodia kaseti ya bendi zangu. Na mimi nimo ndani, natangaza kama redioni." Tukaisubiri. Kabla hajaileta, duara, yaani shimo la wachimbaji, likaporomoka naye akiwa chini.

Rafiki yake ndiye aliyeleta taarifa ya msiba, pamoja na begi la nguo. Mama hakuuliza habari za dhahabu. Aliuliza kaseti iko wapi. Yule kijana akainamisha kichwa. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "alikuwa nayo mfukoni. Imekwenda naye."

Mwaka uliofuata rafiki huyo alianza kunifuata, na siku moja akaniletea kaseti. Bendi zilezile za kaka, na katikati ya nyimbo anatangaza yeye mwenyewe, kwa sauti yake: "Hapa ni Redio Kharumwa, inasikika juu ya ardhi na chini ya ardhi." Nilicheka, nikalia. Nikasema huyu ndiye mtu pekee anayeujua msiba wangu. Ng'ombe wa mahari walikuja baadaye, lakini mimi nilishaolewa na kaseti ile.

Tumeisikiliza ndoa yetu yote. Tukigombana anaiweka na ugomvi unaisha. Na kila wimbo wa mwisho ukikaribia kuisha, anainuka haraka kuizima. "Mkanda umelegea huku mwisho, mashine itautafuna." Nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba nimepata mume anayetunza vitu.

Mwezi uliopita alisafiri kwenda Buseresere. Nikaiweka, nikaendelea kushona gauni la mteja. Wimbo wa mwisho ukaisha, mimi mguu uko kwenye pedali, sikuinuka. Kimya kikapita kidogo, halafu nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa msichana.

"...basi hao niliokutajia ndio namba moja kwangu, mayu, hata kama wanakufukuzia ng'ombe. Mvua zikianza nakuja. Mimi mwanao, Masunga."

Mkanda ukaisha hapo.

Niliurudisha mara nyingi mpaka nikaogopa utakatika. Halafu nikaitoa kaseti nikaitazama mgongoni. Waliokua zama zile mnajua: kaseti usiyotaka ifutwe unavunja vile viplastiki viwili vya nyuma, na hapo mashine haikubali kurekodi juu yake. Hivyo vilikuwa vimevunjwa. Lakini matundu yalikuwa yamezibwa kwa karatasi, juu yake selotepu, ambayo miaka yote nilidhani ni kiraka cha uchakavu tu. Kaka alikuwa amefunga mlango, na mtu akaufungua makusudi ili arekodi juu yake.

Mume wangu aliporudi nilimsikilizisha. Hakubisha.

"Mama watoto, kaseti tupu kule hazikupatikana. Nilikutaka, na sikuwa na kingine cha kukuletea."

"Uliisikiliza kwanza?"

"Niliisikiliza yote."

"Na Redio Kharumwa?"

Akainamisha kichwa vilevile kama siku ile ya msiba. "Yalikuwa maneno yake."

Hata utani niliompendea haukuwa wake. Nikamuuliza jambo moja tu la mwisho, bendi ya namba moja ilikuwa ipi. Akafikiri sana, akasema amesahau.

Ndugu zangu, nimeumia. Angekuwa na mwanamke nje ningejua pa kumshika. Huyu amemfuta kaka yangu ili anipate mimi, kisha akanifanya niipende kaseti hiyohiyo.

Mama bado yupo Didia. Macho yamechoka ila masikio ni mazima, na kila nikienda ananiambia sauti ya Masunga inaanza kumpotea. Mume wangu ndiye aliyemwezekea nyumba ya bati, na mama anamwita "mwanangu aliyebaki". Nikimpelekea maneno haya machache atafurahi, najua, halafu ataniuliza mengine yako wapi. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemzikisha mtoto wa pili. Nikimdanganya, basi na mimi nimeziba matundu kwa karatasi. Mume wangu anasema, "Mwache bibi apumzike, ameshazoea." Mtu aliyesahau namba moja ndiye ananiambia mama amezoea.

Kaseti nimeifungia kwenye droo ya cherehani, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Jumamosi nakwenda Didia. Nishaurini wenzangu, nimwekee mama asikie, au na mimi niinuke niizime?