Sauti Nyuma ya Ukuta

Siku tuliyopewa vyeti, mwenyekiti wa kamati ya shule alisema mimi na binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita tulikuwa mfano kwa wazazi na vijana wanaojitolea kurudisha watoto shuleni. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naiwaza nyumba moja ya tembe, ya udongo na paa bapa, mbele ya kata ya Msalato.

Tulifika pale kiangazi, mchana wa jua kali, tukipita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za watoto wasiosoma. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta uwele uani. Mumewe aliitikia shikamoo ya binti, akatupa vigoda, akasema hapo hakuna mtoto. Waliishi wao wawili na mama yake mzee.

Binti akaeleza hata hivyo, kama tulivyozoea, kwamba darasa la kwanza wanaanza na herufi nyepesi. Akazitaja: a, e, i, o, u.

Nyuma ya ukuta, chini chini, sauti ikazirudia.

Ukuta ule haukuwa na dirisha wala tundu. Yule mama hakuacha kupepeta. Mumewe alisema ni upepo, lakini makapi yalikuwa yanaanguka wima miguuni mwa mkewe.

Tulipoondoka nilitaka twende moja kwa moja kwa mtendaji wa kata kutoa taarifa. Binti akaniomba kwanza turudi pale siku nyingine, maana wakiogopeshwa wangemhamisha huyo mtu usiku huo huo. Nikakubali shingo upande. Basi kila tuliporudi, yeye aliketi akiegemea ukuta na kusoma kitabu cha watoto kwa sauti, na ile sauti ikamfuata mstari kwa mstari, taratibu, hata penye mzaha haikucheka. Wenye nyumba waliendelea na kazi zao kana kwamba sisi hatupo.

Mwishowe baba yule alikuja kuchuchumaa karibu nasi.

"Mkimtoa nje, nani atamlinda njiani?"

"Nitatembea naye mimi," binti akajibu.

Baba akaenda kufungua mlango wa ndani. Akatoka msichana mwenye ualbino, mkubwa kuliko nilivyodhani, amejiziba macho kwa viganja. Walikuwa wamesikia habari za watoto kama yeye kuwindwa, wakamficha tangu akiwa mchanga, hata majirani wakaamini alikufa.

Binti alitimiza neno lake. Alimpeleka na kumrudisha kila siku ya masomo, hadi ikapatikana nafasi kwenye shule ya bweni yenye ulinzi.

Siku ya vyeti msichana alikuja na wazazi wake, amevaa kofia pana. Aliniamkia, kisha akaitazama miguu yangu kwa makini. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema bibi yake alimfundisha kwamba wanaoongea nje ya ukuta ni wafu, miguu yao haigusi ardhi, wanapita kuita watoto, na mtoto akiwaitikia wanaondoka naye.

"Na bado ulituitikia?"

"Nilitaka mnichukue," akasema.

Baba yake akamwita wapige picha na binti. Alikwenda mbio, kofia ameishika kwa mkono mmoja. Mimi pia niliitwa, lakini ilinichukua muda kunyanyua mguu.