Uso wa Mama Ukitazama Upande

Mama alipofariki, nilimwendea jirani yangu hapa mjini Saint Paul, Marekani, bibi Mmarekani mchongaji wa sanamu na medali, anitengenezee medali yenye uso wa marehemu. Nilimpelekea picha kumi na mbili. Akazipanga mezani, akauliza, "Ya kutazama upande iko wapi?" Nyuso za medali zake zote hutazama upande. Kwetu mtu hupigwa picha akitazama mbele, wima kama anaapishwa.

"Basi nielezee pua yake."

Mimi, mwenye shahada mbili, sikuikumbuka. Akanigeuza upande, akafinyanga uso wa udongo kwa kunitazama mimi, mwanawe.

Dada yangu alipouona alicheka. "Kaka, huyu ni wewe umejifunga kilemba cha Mama!"

Nikamwuliza, basi pua ya Mama ilikuwaje? Akafungua mdomo ajibu, akaanza kulia.