Shangazi Niliyemkana Uwanjani

Mwanangu, nimekana kwa miaka mingi, leo nakiri: yule mama aliyemkatiza kiongozi wa nchi alipokuwa akituaga watu wa Tabora alikuwa shangazi yangu, tumbo moja na baba.

Siku ile naikumbuka hata vumbi lake. Kiongozi alikuwa anamaliza muda wake, akizunguka mikoani kuaga. Mimi nilikuwa na shahada mbichi, nimeketi na wageni waalikwa, ubavuni mwa bwana aliyeniahidi kazi. Kiongozi alipofika kwenye amani na umoja, shangazi akasimama katikati ya kina mama. Kabila la kiongozi na letu ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipopita kwao na mizigo, wakitukanana na wenyeji bila kugombana.

"Mtani," akasema, "tangu uingie madarakani wewe umenenepa, barabara yetu imekonda."

Walinzi wakasogea. Bwana wa kazi akaniuliza kama namjua yule mama. Nikasema simjui, nikaongeza kisomi kwamba wananchi bado wanahitaji elimu. Mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye shahada.

Kiongozi akawazuia walinzi, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaikunja hotuba yake.

"Wosia wangu ni huu," akasema. "Atakayekuja baada yangu, msimpe makofi matupu. Mpeni mtani. Mimi nilizungukwa na wasifiaji, nikachelewa kujua barabara imekonda."

Uwanja ukalipuka. Nami nikapiga makofi kuliko wote, mnafiki mimi. Kazi niliipata, shangazi nikawa namkwepa, nikihofia kwamba amepata habari.

Basi shika hili, mwanangu: anayesema kweli mbele za watu usimkane ili uwapendeze wakubwa. Nawe ukiwa mkubwa, mtafute, umweke karibu. Mungu akupe sikio pana, na ndugu wasiokuogopa.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikampigia shangazi simu kwake Chemchem, nikaungama yote.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikuona umejikunyata kama kuku wa mvua. Sasa sikiliza. Wiki ijayo anakuja mkubwa mwingine, naye ni mtani, na magoti yangu hayanibebi. Utasimama wewe."

Nikamuuliza niseme nini.

"Mwamkie kwanza. Halafu sema kinachotuuma, na usichelewe kufika, viti vya mbele huwahiwa."

"Ndiyo, shangazi," nikasema.