Mgongo wa Msemaji

Posa inapofika, Waluo wa Birmingham humtafuta Otieno wa mtaa wa Bordesley Green. Humpa kiti cha mbele, naye huusemea ukoo mpaka mambo yaive. Ana desturi moja asiyoiacha: kabla ya kutamka "tumekubali", huwageukia watu wake na kuwauliza, "Nimesema sawa?" Kwake, msemaji asiyegeuka ni mwizi aliyevaa suti.

Siku za kazi hakuna anayetaka aseme lolote. Wakala mmoja wa vibarua humpeleka kwenye ukumbi wa mikutano mjini kumimina maji, na sharti la kwanza ni kwamba mhudumu hamsemeshi mjumbe. Mkewe Nyokabi amepunguziwa zamu, kwa hiyo kodi ya nyumba yote inategemea jagi lile.

Asubuhi moja, ukumbini humo, wakuu wa fedha wa dunia walikuwa wakiamua ni nchi zipi zitangazwe kuwa benki zao si za kuaminika. Rita, waziri wa fedha wa kisiwa kidogo kilicho chini ya Uingereza, alikuwa humo ndani, na kisiwa chake kilikuwa kimetajwa. Lakini kisiwa kama hicho hakina kiti mezani wala kipaza sauti. Uingereza ndiyo hukisemea. Rita aliwekwa safu ya nyuma, akitazama kisogo cha msemaji wake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, na lake halikuwepo.

Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Rita akainama mbele. Msaidizi wa msemaji huyo akamwashiria atulie.

"Wakitutangaza, hakuna benki itakayotupitishia hata pesa za dawa," Rita alinong'ona, akimwambia yeyote aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni Otieno.

Msemaji akavuta kipaza sauti. Otieno akamsogelea na jagi lake. Akainama kama anayejaza glasi.

"Samahani, mzee," alisema kwa Kiingereza. "Watu wako wako nyuma yako."

Yule bwana akageuka. Rita akamwambia sikioni, harakaharaka, naye akakunja uso, akasikiliza. Kisha akaomba suala la kisiwa hicho lisogezwe hadi mchana. Otieno akaendelea kumimina maji bila kumwangalia mtu.

Kabla ya chakula akaitwa. Nje ya ofisi ya meneja wa ukumbi alimkuta Sukhjinder, msimamizi wa wakala, mama wa Kisikh mzaliwa wa Kisumu.

"Wewe nyamaza kabisa, Otieno. Mimi ndio taongea."

"Sawa, mama."

Ndani, kiti cha mezani kilikuwa kimoja. Otieno akaonyeshwa kingine, nyuma, karibu na mlango. Meneja hakumtazama. Alimuuliza Sukhjinder kama mtu wake anakubali amekosa na hatarudia. Akikubali, arudi kazini. Asipokubali, aende zake.

Otieno akautazama mgongo wa Sukhjinder. Aliogopa, tena sana. Sasa alijua Rita alikuwa akitazama nini.

"Anakubali," Sukhjinder alianza, halafu akakwama. Akakishika kiti, akakigeuza kizima mpaka miguu ikalia sakafuni. "Otieno. Naambia huyu nini?"

Neno moja lingeokoa kodi. Alimfikiria Nyokabi, na neno lenyewe likamjia hadi kwenye ulimi.

"Mwambie nilivunja sharti lake," akasema. "Na mwambie nikimwona tena yule mama amewekwa nyuma vile, nitalivunja tena."

Sukhjinder alimkazia macho. "Yote hiyo?"

"Yote, mama."

Akageuka, akayasema yote kwa Kiingereza, bila kupunguza neno. Meneja akamnyooshea Sukhjinder mkono, akidai beji ya mhudumu.

"Beji ni yake," Sukhjinder akasema. "Mwombe mwenyewe."

Ikabidi meneja ainue macho, amtazame Otieno.