Nilivyoanza kufuga paka wa Persian wa mashindano nikiwa Utemini, Singida

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nimesoma jukwaa hili miaka mingi bila kuandika chochote. Leo naandika kwa sababu kila wiki mtu anauliza, "Nataka kuanza kuzalisha Persian, nianzie wapi?" na majibu anayopewa yananitia homa. Nitasimulia yaliyonikuta mimi, bila kuongeza chumvi, pamoja na sehemu nilizojiaibisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, naishi Utemini, Singida mjini. Familia yetu inauza vitambaa. Duka ni la baba, mimi nakaa kaunta.

Kwetu paka hawajawahi kukosekana. Ila kwa baba, paka ni wa kukamata panya. Paka wa kuchanwa manyoya kila asubuhi alimwona kama mgonjwa.

Paka wangu wa kwanza aliitwa Lulu. Nilimpata Dar kupitia mtandao, mweupe, macho ya rangi ya shaba. Alikuja na karatasi yenye muhuri mkubwa, pedigree, yaani orodha ya ukoo wake. Niliilaminate. Kabla Lulu hajafikisha mwaka nilishawaahidi watu watatu watoto wake.

Nikajiunga na group moja la breeders, nikapost picha kwa mbwembwe. Mama mmoja wa Arusha, nitamwita Mama Neema, mfugaji wa Persian kwa miaka mingi, akanipigia.

"Mwanangu, umempima figo?"

Nikacheka. Huku kwetu hata binadamu anapima figo akishaugua.

Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba Persian wana ugonjwa wa figo wa kurithi. Vijifuko vya maji vinaota ndani ya figo, vinakua polepole, na paka anaonekana mzima kabisa mpaka siku anayoanza kukonda. Mama akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Nikampeleka Lulu Dodoma akapigwa ultrasound. Daktari akanigeuzia skrini. Vilikuwa vidoa vyeusi, vingi, figo zote mbili.

Na ile karatasi niliyoilaminate? Mama Neema aliulizia kwenye chama kilichoandikwa juu yake. Hawakuwa na paka hata mmoja kati ya waliotajwa mle.

Hapa niwe mkweli, wakuu. Njia nzima ya kurudi Singida nilikuwa nawaza: nani atajua? Watu wangu watatu walikuwa wanataka paka mwenye manyoya marefu, basi. Hakuna aliyeuliza habari za figo. Ningemzalisha mara moja tu, halafu ningeacha.

Kilichonizuia hakikuwa uchamungu. Lulu alikuwa amelala mapajani mwangu amechoka na safari, nikajiona nampelekea mtu mtoto wa Lulu, mtu huyo anampenda, halafu baada ya miaka minne anampigia simu dokta akilia. Nikashindwa.

Niliwapigia wote watatu nikawaambia ukweli. Lulu nikamfunga kizazi. Mpaka leo ninaye, anakula chakula chake maalumu na anajiona ndiye mwenye nyumba.

Baba alisema sentensi moja tu: "Kwa hiyo paka wa kuzalisha umemfunga kizazi." Akaendelea kukunja kitambaa. Iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Mwaka mzima uliofuata sikuzalisha chochote. Nilisoma. Kila nikipata likizo dukani nilikwenda Arusha kwa Mama Neema, nikawa naosha paka, nasafisha macho, nachana manyoya, nasugua masanduku ya mchanga. Nilidhani ananifundisha kazi. Kumbe alikuwa ananichunguza mimi.

Siku moja akaniambia, "Nitakupa Zafarani."

Zafarani alikuwa jike lake la rangi ya krimu, wazazi wamepimwa, ukoo unajulikana. Alinipa na mkataba. Asipandishwe kabla mwili haujakomaa. Apumzike kati ya uzao na uzao. Mtoto asitoke kwangu kabla ya wiki kumi na mbili na chanjo zake. Na mtu yeyote akishindwa kumtunza, wakati wowote, paka anarudi kwangu.

Hata dume tulilichagua pamoja. Mimi nilitaka lile lenye uso bapa kabisa, kama limegonga ukuta. Mama Neema akakataa. "Sikiliza anavyokoroma akiwa macho. Unataka watoto wahangaike kuvuta hewa maisha yao yote?" Tukachukua dume lenye pua iliyo wazi.

Sasa siku ya kuzaa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimeandaa kila kitu: boksi, taulo, mzani, namba za simu ukutani. Mtoto wa kwanza alitoka vizuri. Kisha Zafarani akaanza kusukuma, anasukuma, hakuna kitu. Dakika kumi, ishirini. Nikaona kichwa kimefika mlangoni na hakisogei.

Nikampigia Dokta Njiku, vet wetu wa wilaya. Alikuwa Mtinko anachanja ng'ombe. Akasema anapanda pikipiki anakuja. Mama Neema nikamweka kwenye simu, sauti kubwa.

"Vaa glovu, zipake mafuta, usivute mpaka yeye asukume. Ukivuta, vuta kwa kushusha chini. Kuna mtu wa kumshika mama yake?"

Hakukuwa na mtu.

Baba alikuwa anapita uani, amevaa kanzu nyeupe, yuko tayari kwenda msikitini mapema kama kawaida yake. Akasikia. Akaingia, akavua kofia akaiweka dirishani, akapiga magoti.

"Nimshike wapi?"

Nilimwonyesha. Akamshika Zafarani mabegani kwa ile mikono yake mikubwa, akawa anamsemesha kwa Kinyaturu, taratibu, vile alivyokuwa akitusemesha sisi tukiwa na homa. Sijawahi kumsikia akimsemesha paka hivyo.

Zafarani akasukuma. Nikavuta kwa kushusha. Mtoto akatoka.

Amelegea kama soksi iliyolowa.

"Msugue," Mama Neema akasema kwenye simu. "Kwa taulo, kwa nguvu. Safisha pua. Usiache."

Nilisugua. Hakuna. Nikasugua mpaka nikaanza kulia. Baba akaniambia bila kupandisha sauti, "Amekwambia usiache." Akachukua taulo jingine, akaendelea yeye pale nilipochoka, na kale kamtoto kalikuwa kadogo kuliko kiganja chake.

Halafu kakapiga chafya.

Ndiyo, chafya. Kisha kakalia, kasauti kembamba. Baba akakaa chini kabisa, kanzu yote damu, akasema alhamdulillah mara tatu.

Dokta Njiku alipofika na vumbi lake la Mtinko, wa tatu na wa nne walishazaliwa. Akamkagua mama na watoto, akasema wote wazima. Akatuambia kwamba miaka yote ya kazi amezalisha ng'ombe, mbuzi na punda, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuitwa kwa paka. Baba akabadilisha kanzu, akawahi Ijumaa.

Yule aliyepiga chafya tukamwita Alizeti, kwa rangi yake.

Watoto walipofika wiki sita, akaja mheshimiwa mmoja, mteja wa siku nyingi wa baba. Anamtaka Alizeti kwa ajili ya zawadi ya harusi Jumamosi hiyo. Nilikuwa nafungua mdomo nijitetee, baba akanitangulia: "Bado ananyonya. Subiri wiki sita, na kwanza mwanangu aje aone nyumba atakayokaa paka." Mheshimiwa akanuna, akaondoka, wala hakurudi. Wengine watatu walisubiri, nikazikagua nyumba zao, wakachukua paka wao. Kila mwezi wananitumia picha.

(Watakaouliza habari ya kuuza paka kidini: baba naye aliuliza, akajibiwa na shehe wake. Hilo nawaachia wenye elimu.)

Alizeti nilibaki naye. Alipofika miezi saba nikamwandikisha kwenye maonyesho ya paka Dar. Baba akasema atanisindikiza kwa sababu ana mzigo wa kufuata Kariakoo. Mzigo huo sijauona mpaka leo.

Ukumbini kulikuwa na paka wa watu wenye uwezo, mabanda yana mapazia ya hariri. Letu lilikuwa na kitenge kutoka dukani. Nilitamani kurudi nyumbani.

Jaji alikuwa mama wa makamo kutoka nje ya nchi. Akamwinua Alizeti, akapitisha vidole kwenye mifupa, akamsogeza sikioni, akasikiliza. Kisha akaita wafugaji wengine wasogee. Mkalimani akatafsiri: anasema huyu ana uso wa Persian na bado anapumua kama paka, na ndivyo anavyotaka kuwaona.

Alizeti akashika namba moja kwa Persian wadogo. Jioni akatangazwa paka mdogo bora wa maonyesho yote.

"Alizeti wa Utemini, Singida," mtangazaji akasoma. Kisha akauliza, "Mfugaji ni nani?"

Baba ndiye aliyesimama, akaninyooshea mkono mbele ya ukumbi mzima.

"Ni huyu. Binti yangu."

Wakuu, utepe upo ukutani, lakini hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo niliyorudi nayo Singida.

Nilichojifunza: pima kabla ya kupandisha, na matokeo yakiwa mabaya yakubali, hata kama umeshaahidi watu. Tafuta mtu anayejua zaidi yako na umwache akukosoe. Andaa daktari kabla hujamhitaji. Na kama huwezi kumpokea tena paka uliyemtoa, usimzalishe.

Karibuni kwa maswali na hata kunikosoa, hasa nyie mliozalisha Persian kwenye mikoa yenye joto kuliko huku kwetu. Anayefuga paka wa kienyeji naye asikae kimya. Tuambieni wa kwenu anaitwa nani.