Jiwe la Mulango wa Materinite

Kwenye kazi yangu ya kwanza ya ufundi wa kujenga, shefu wa shantie, musimamizi wa ujenzi, alinitia haya mbele ya watu. Ilikuwa Kasongo, karibu na soko, maduka manne chini ya paa moja. Bati zilikuwa zimekwisha kupigiliwa, nami nilipewa kujenga kuta za kuyagawa. Nilifika kwenye plafo, ile dari ya ndani, nikaacha. Mafundi wote walifanya hivyo, maana juu ya plafo nani ataangalia? Shefu alipanda ngazi, akapitisha mukono wake juu ya ukuta wangu, kutoka duka moja hadi lingine.

"Moto nayo itapita hapa, na haitabisha hodi," akasema. "Toa bati, pandisha ukuta mpaka itokee inje!"

Fundi wa mbao aliyezipigilia zile bati alinitukana weee, lakini niliupandisha. Hapo nikajua kazi yangu: moto wa chumba kimoja ufie mule mule.

Baadaye kazi ikanipeleka Salamabila, kujenga depo za bidoni za esanse, petroli ya pikipiki. Kule nilijifunza mulango. Mbao kavu ni chakula cha moto, basi unauvalisha bati pande zote mbili, na unaupachika umeinama kidogo ili ujifunge wenyewe. Tajiri mumoja alinicheka, nikamwambia ajenge yeye.

Ugomvi wa kweli ulinipata Lusangi, kwenye materinite, nyumba ya kuzalia. Jiko la ndugu wa wagonjwa liligusana na chumba cha wazazi, wamama waliotoka kuzaa. Kwetu mama aliyezaa anakandwa kwa maji ya moto, na wamama walitaka tundu ukutani wapitishe sufuria. Nilikataa.

"We baba, umeshazaa siku gani?" akapiga kelele Mama Zaina, mukubwa wa wamama wa jikoni.

"Sijazaa, lakini tundu siweki! Mulango itakuwako, mupite pale."

Prezida wa komite ya materinite akanisihi. Ng'o! Nikajenga ukuta wa matofali ya kuchoma mpaka juu ya bati, nikaweka mulango wa kujifunga. Kesho yake nikaukuta umezuiliwa na jiwe, eti mikono ya wamama imejaa. Nikalitupa. Wakaleta lingine.

Kiangazi kimoja binti yangu Asha alizaa pale. Nilikuwa njiani kumuona mutoto, nikaona moshi. Mawese yalikuwa yameshika moto kwenye kikaango, na paa la jiko linawaka. Nilikimbia nikilia, nawaambia kweli, na nililowaza ni lile jiwe tu.

Wazazi sita nikawakuta uwanjani na watoto wao, Asha kati yao. Jiko liliisha lote. Upande wa pili wa ukuta, chokaa ilikuwa ingali nyeupe. Mama Zaina alikuwa anachechemea: alikuwa amelipiga jiwe teke, bila kiatu, mulango ukajifunga.

"Ukuta yako iko na kichwa nguvu kama wewe," akaniambia.

"Na muguu yako?"

"Acha muguu. Leta matofali, tujenge jiko."

Sasa nimepumzika, magoti hayataki ngazi. Ninyi mafundi vijana, musidhani kazi inaisha siku ya kukabidhi funguo. Kila juma naenda kuutazama ule mulango, na mawe ninayookota pale yamefanya rundo nyuma ya nyumba yangu.

Juma hili aliyeweka jiwe ni Asha, amebeba maji ya kumukanda wifi yake.

"Baba, dakika moja tu!"

Nikaliokota mbele yake, nikaenda nalo.