Baiskeli Iliyofungwa Kama Ngamia

Nikisikia harufu ya nyirinyiri ikikaangwa kwa iliki, hata iwe nyumbani kwa jirani, mimi hurudi moja kwa moja kwenye ua wetu wa Isiolo miaka ile ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini waliopigana na serikali. Namwona bibi yangu, ambaye kwa Kiborana tulimwita Akoo, ameinama juu ya sufuria huku moshi ukimtoa machozi. Nyama ameikata vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi, anaikaanga mpaka ikauke kabisa, kisha anaizamisha ndani ya samli ili ikae wiki nyingi bila kuharibika. Hicho kilikuwa chakula cha safari. Akoo akianza kukata nyama hivyo, tulijua kuna mtu anaondoka. Mara hii aliyekuwa akiondoka ni kaka yangu Guyo, tena kwa baiskeli.

Guyo alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni huko Nanyuki, na mtaani kwetu habari hiyo ilipokewa kwa vigelegele kana kwamba ni harusi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na asiyefika siku hiyo nafasi yake angepewa mwingine. Lakini magari yalikuwa yameadimika. Mengi yalikuwa yakibeba askari, na baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amekwama Moyale akingoja msafara wa kijeshi. Mama hatukuwa naye tena duniani. Tulibaki watatu, Akoo, Guyo na mimi Talaso, pamoja na baiskeli nyeusi ya baba, ambayo nilikuwa nimekatazwa hata kuipiga kengele.

Wiki ile nilijisikia mtu mkubwa. Guyo aliipindua baiskeli miguu juu katikati ya ua, akanipa kazi ya kuzungusha pedali huku yeye akikaza spoki na kusikiliza cheni. Tuliitumbukiza tyubu ndani ya karai la maji ili mapovu yatuonyeshe palipotoboka, maana miiba ya huku kwetu haina huruma na mpira. Alikata viraka kutoka tyubu kuukuu, akavifunga ndani ya kitambaa pamoja na gundi. Pampu aliijaribu kwenye shavu langu, nikacheka mpaka nikakohoa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena.

Ila mwenye safari hasa alikuwa Akoo. Alikuwa amezaliwa na kuzeekea kwenye ngamia, na ngamia wake walipoangamia mwanzoni mwa vita ndipo alipokuja kukaa nasi mjini. Baiskeli aliitazama kwa dharau. Aliizunguka, akaigonga paipu yake kwa kidole.

"Hii mnyama haina tumbo," alisema. "Itaweka maji wapi?"

Hata hivyo aliifunga vilevile alivyozoea. Sanduku la shule lilikaa juu ya keria. Upande wa kushoto alining'iniza mfuko wa ngozi uliojaa nyirinyiri, na upande wa kulia gorfa, chombo cha kusuka cha maziwa, alichokuwa amekifukiza moshi ili maziwa yasiharibike njiani. Kila mara aliinua upande mmoja kwa mkono, akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka mzigo ukalingana. Mwisho aliipaka cheni samli, kwa baraka. Guyo akalalamika kwamba itashika vumbi, akaambiwa anyamaze.

Aliondoka Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri. Kabla ya saa sita alikuwa amerudi, anatembea kwa miguu huku akiisukuma baiskeli, uso umemwiva kwa hasira. Mfuko wa ngozi ulikuwa umepasuliwa kwa kisu.

"Wamenirudisha pale kwa kizuizi ya barabara," alisema. "Askari ameuliza, mtu moja anakula hii yote? Ati ni chakula ya shifta, napeleka msituni. Wamemwaga yote chini, Akoo. Na wamesema nikirudi na mzigo kama hii, wananifungia."

Akoo, ambaye hatukuwahi kumwona akiwalilia ngamia wake, aliketi chini akalilia ile nyama. Hakuna kijana wa Kiborana aliyekuwa na haki ya kubeba chakula kingi siku hizo, na yeye alikuwa amemfungia mjukuu wake mzigo kwa mapenzi mengi mpaka akafanana na adui. Guyo alisema basi, shule haikuwa riziki yake. Aliniambia niirudishe baiskeli ukutani. Niliishika usukani, nikashindwa kuisukuma.

Akoo akajifuta uso kwa pindo la shuka. "Wacha hapo," aliniambia, kisha akamgeukia Guyo. "Ngamia anaweka safari yake ndani. Hii mnyama haina tumbo, basi tumbo ni yako."

Nyirinyiri iliyokuwa imebaki ya nyumbani aliitoa yote. Asubuhi ya Jumapili alimketisha Guyo juu ya ngozi, akamlisha. Kila aliposema ameshiba, Akoo alimwongezea kijiko na kumsogezea maziwa ya ngamia. Mimi sikupewa hata kipande, nikanuna. Guyo aliinuka anapumua kwa shida, mkanda ameulegeza, akapanda baiskeli yenye sanduku la vitabu na pampu tu. Akoo alimpaka samli utosini. "Nagaan gali," alimwambia, yaani urudi nyumbani kwa amani. Askari walilifungua sanduku, wakaona sare na vitabu, wakamwacha apite. Jumatatu alikuwa darasani.

Vita vilipotulia na njia zikafunguka, Guyo alirudi akiwa kijana wa ndevu. Akoo alikuwa ameshazikwa. Guyo alikaa mahali pale pale uani alipolishwa asubuhi ile, mpaka jua likazama.

Sasa ni mimi ninayeitwa Akoo. Mjukuu wangu huendesha baiskeli mpaka Nanyuki na kurudi, kwa kujifurahisha tu, ana kofia ngumu, chupa mbili za maji na vipande vya chakula kitamu vilivyofungwa kwenye karatasi. Barabara ni lami tupu, na pale palipokuwa na kizuizi cha askari yeye husimama kupiga picha. Hakuna anayemuuliza anapeleka chakula kwa nani. Jumamosi iliyopita nilimketisha, nikamwekea sahani.

"Akoo, nikikula hii yote sitapanda mlima," alilalamika.

"Kula," nilimwambia, nikamwongezea kijiko. Alipomaliza nilimpaka samli utosini, chini ya ile kofia yake, nikasimama mlangoni mpaka aliporudi.